Usukani Ukicheza, Tazama Bushi za Raki



Kila mkulima wa Rubya analijua jembe lililolegea kwenye mpini. Unapiga hapa, jembe linatua pale. Mkono hauna kosa, wala chuma hakina kosa. Kosa liko pale chuma kinaposhikana na mti. Gari nalo lina mahali kama hapo. Mahali hapo pakilegea, dereva anazungusha usukani, lakini magurudumu yanachelewa kutii.

Wengi wetu hatuna gari, lakini wengi tunapanda. Gari dogo linabeba abiria, kahawa na mikungu ya ndizi. Usiku gari hilohilo linamleta mama mjamzito Hospitali ya Rubya. Barabara zetu zina milima, kona na mashimo. Kwa hiyo somo hili ni la mwenye gari, la dereva na la abiria pia.

RAKI NI NINI?

Magari mengi madogo ya siku hizi, kama Toyota Corolla, yana raki ya usukani. Raki ni mtaimbo wa chuma wenye meno, uliolala ndani ya ganda lake kutoka kushoto kwenda kulia. Dereva akizungusha usukani, gia ndogo inayasukuma meno hayo. Mtaimbo unakwenda upande mmoja na kuyageuza magurudumu ya mbele. (Land Rover za zamani na malori mengi hayana raki. Hayo yana boksi ya usukani, na somo hili haliyahusu.)

Ganda la raki limefungwa kwenye gari kwa mabano na bolti. Kati ya bano na ganda kuna mpira. Mpira huo ndio bushi. Kazi yake ni kulishika ganda lisicheze, na kupunguza mtikisiko wa barabara usifike mikononi mwa dereva.

Bushi ni mpira, na mpira huzeeka. Huchanika kwa mashimo ya barabarani. Hulainika na kuvimba ukilowa mafuta yanayovuja. Ukisha, ganda zima la raki linasogea kwanza, ndipo magurudumu yanageuka.

DALILI

1. Usukani unacheza. Unauzungusha kidogo, gari haligeuki.
2. Gari linayumba, na dereva anarekebisha usukani kila mara.
3. Kuna mlio wa kugonga mbele, hasa kwenye barabara mbovu.

Lakini angalieni! Dalili hizi zinaweza pia kuletwa na tairodi endi, boli jointi au jointi ya nguzo ya usukani. Usinunue kitu kabla ya kupima.

KUPIMA KWA WATU WAWILI

Gari lisimame tambarare, magurudumu yote manne yakiwa chini. Vuta breki ya mkono na zima injini. Funguo ikae mahali ambapo usukani haujifungi. Mtu wa kwanza akae kwenye kiti, atikise usukani kidogo kushoto na kulia. Mtu wa pili amulike raki kwa tochi kutoka juu, boneti ikiwa wazi, au kutoka nyuma ya gurudumu la mbele. Asiingie uvunguni.

Ganda la raki likisogea ndani ya mabano yake, kwanza angalia kama bolti zimelegea. Kama bolti zimekaza, bushi zimekwisha. Kama ganda limetulia lakini tairodi endi inacheza, ugonjwa uko huko.

KUNUNUA

Nenda na karatasi. Andika aina ya gari, mwaka wake, na nambari ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari. Inakili herufi kwa herufi. Ukikosea herufi moja tu, unaweza kurudi kutoka Bukoba na bushi ya gari jingine. Hapo ndipo kisomo kinapookoa fedha.

Muulize pia muuza vipuri: je, bushi za gari hili zinauzwa peke yake? Kuna magari ambayo bushi huuzwa pamoja na raki nzima. Tena kuna bushi zenye bomba la chuma ndani, ambazo huingizwa kwa mashine ya kukandamiza. Hizo mwachie fundi wa gereji. Zile za mpira uliopasuliwa upande mmoja, zinazokaa chini ya bano, unaweza kuzibadili nyumbani.

KAZI YENYEWE

1. Weka gari kwenye ardhi ngumu na tambarare. Injini ipoe. Nyoosha magurudumu, toa funguo, kisha funga usukani kwa kamba usizunguke. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma.

2. Inua mbele kwa jeki. Kisha weka stendi mbili za chuma chini ya sehemu imara za gari, na ulishushe likalie stendi hizo. Litikise kwa nguvu. Likitulia, ndipo uingie. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Tofali hupasuka, na jiwe huteleza. Kama huna stendi, usiingie. Peleka gari gereji.

3. Osha tope. Chora kwa chaki mahali bano linapokaa, au piga picha kwa simu.

4. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti, usubiri robo saa. Fungua bano la upande mmoja tu. Ukifungua pande zote mbili, raki itaning'inia na kuvuta mabomba ya mafuta.

5. Toa bushi kuukuu. Ilinganishe na mpya: upana, unene na umbo. Tazama mpasuo wake ulielekea wapi.

6. Safisha ganda kwa maji ya sabuni, ukauke. Vaa bushi mpya, mpasuo uelekee kama ule wa zamani. Ikigoma, ipake maji ya sabuni. Usitumie grisi, petroli wala dizeli, maana vitu hivyo vinaweza kuharibu mpira.

7. Rudisha bano. Anza bolti kwa vidole. Zikiingia vizuri, kaza kwa spana, huku kidogo na huku kidogo. Malizia kwa spana ya kupimia, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha ufundi cha gari hilo. Unaweza kuiazima gereji. Usikaze kwa kukisia.

8. Sasa fanya upande wa pili.

9. Toa vifaa vyote, shusha gari, fungua kamba. Washa injini na zungusha usukani taratibu mpaka mwisho wa kushoto na wa kulia. Usikwame, wala bomba lisivutike. Jaribu gari polepole mahali tambarare pasipo na watu. Kisha peleka gari likapimwe uelekeo wa magurudumu. Baada ya safari chache, angalia bolti tena.

MAMBO YA KUKATAA

Wapo wanaokata kipande cha tairi kuukuu au kandambili na kukifanya bushi. Kipande hicho hakina umbo wala ugumu unaotakiwa. Leo mlio umekwisha, kesho usukani unacheza mkiwa mteremkoni, na gari limejaa watu.

Bolti ikikatika, uzi wake ukiharibika, ganda likiwa na ufa, au raki ikivuja mafuta, acha kazi. Gari lisiendeshwe mpaka fundi alione.

Nawe abiria, ukiona dereva anahangaika na usukani kwenye barabara iliyonyooka, usinyamaze. Mwambie kwa heshima: "Ndugu dereva, usukani wako unacheza. Tusimame tuangalie." Usione haya, maana roho zilizomo garini si ya dereva peke yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Bushi ya raki inafanya kazi gani?
2. Kwa nini tunafungua bano la upande mmoja kwanza?
3. Kwa nini hatuingii chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake?
4. Katika kijiji chenu, nani hukagua magari yanayobeba abiria? Mfanye nini ili yakaguliwe mapema?

ZOEZI LA KUANDIKA

Tengeneza daftari la gari. Andika tarehe, kilomita zilizosomwa, kifaa kilichobadilishwa, bei yake, na jina la aliyefanya kazi. Kama huna gari, mwandikie mwenye gari wa jirani barua fupi ukimweleza dalili tatu ulizosoma hapa.