Kompyuta ya Maji Ikivuja Nyumbani

Ndugu mfanyakazi wa Bulengera, kompyuta inayopozwa kwa maji ina pampu, mipira na radiateri ndogo, kama injini ya gari. Ikivuja, fuata utaratibu huu:

1. Izime, chomoa waya ukutani kwa mikono mikavu, ndipo uguse. Kisanduku cha umeme cha ndani usikifungue kamwe: hubaki na umeme hata kikichomolewa.

2. Kausha, kisha kaza vibano. Mpira uliopasuka ubadilishwe, usizibwe kwa gundi.

3. Jaza maji, endesha pampu peke yake saa 24 juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, rudia kazi.

4. Radio ikikoroma pampu inapozunguka, tenga waya wa pampu na waya wa antena.

Usijaze maji ya radiateri ya gari. Mengi yana etilini glikoli, sumu yenye ladha tamu. Mtoto akiyanywa huonekana kama mlevi. Baada ya siku 1 hadi 3 figo zaweza kushindwa kazi. Usimtapishe, usingoje dalili: mpeleke hospitali mara moja, na chupa mkononi.

Mashine hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.