Pile ya humidimetri: soma maandiko yake mbele ya kununua



Msimu wa kahawa uliopita, koperative moja ya kandokando ya Ziwa Kivu iliniita mbio. Humidimetri yao ilionyesha kahawa parche iko na unyevu wa 11 kwa mia, ni kusema safi kabisa, kati ya 10 na 12. Mununuzi akapima na mashini yake: 14. Magunia yote ikarudi ku vitanda vya kukaushia, na malipo ikangoja. Watu walishaanza kusema mashini imekufa, tuchange pesa ya ingine.

Nikafungua kamulango ka nyuma. Pile ilikuwa imechoka, na tena haikuwa aina yake. Kijana wa depo aliinunua soko juu «inafanana na ile ya kwanza». Simulaumu, hata mie nilishafanya vile.

Ukitoa pile ya zamani, usiitupe. Ipeleke dukani ku mkono. Humidimetri nyingi zinatumia pile ya mraba ya volti 9. Ile ya alkalini imeandikwa 6LR61. Ile ya bei ya chini imeandikwa 6F22. Zote mbili zinaingia, zote ziko na vipile 6 vya volti 1,5 ndani. Lakini 6F22 inachoka mbio, na mashini ikianza kuvuta nguvu, volti zinashuka. Hapo namba inaweza kudanganya hata kama alama ya pile haiyaonekana ku kioo. Kama kitabu cha mashini kinasema alkalini, ni alkalini.

Mizani ndogo za gramu na pH-metri za udongo zinatumia pile za kidonge, na hapo ndipo watu wanapotea zaidi. LR44 na SR44 ziko na upana na unene mamoja. L ni alkalini: volti zake zinashuka polepole toka siku ya kwanza. S ni oksidi ya feza: inabakia karibu volti 1,55 mpaka mwisho. Inapita bei, lakini kama mashini inaomba SR, ununue SR. Mwenye duka akikupa AG13, usikatae, ni LR44 kwa jina lingine.

Zenye CR ni litiumu, volti 3, na namba yake ni kipimo: CR2032 ni milimetri 20 ya upana na 3,2 ya unene. CR2025 iko na 2,5 tu, itacheza ndani. Tafazali, tusijaze nafasi na karatasi ya sigara!

Mbele ya kubadilisha pile, weka kahawa kidogo ndani ya chupa yenye kufungwa vizuri. Pima mara tatu, andika. Weka pile mpya, pima tena kahawa ile ile. Kama namba imesogea kupita nusu, rudilia magunia yote yaliyopimwa tangu juma ile. Msimu ukiisha, toa pile: ikivuja ndani, inakula vyuma.

Na vidonge vya zamani visibakie ku meza. Mtoto akimeza kimoja, kinaweza kuchoma koo ndani ya saa 2. Mkimbize hospitali saa ile ile, hata kama halii.