Dondoo muhimu: Kabla ya sahihi, uliza karatasi ilitoka wapi

Mkusanyaji wa nyaraka za serikali za mitaa za makoloni ya Marekani huanza na sahihi: ni ya kweli au ya kughushi? Swali la kwanza liwe jingine: karatasi hii ilitokaje ofisini? William Hooper, mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru la 1776, aliwahi kumwakilisha Mfalme katika mashtaka huko North Carolina. Hati mbili za mashtaka zenye sahihi yake, za 1767 na 1768, ziliishia kwa mnunuzi binafsi. Ubishi haukuwa juu ya sahihi. Hata hivyo, mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba ni mali ya umma.

Wapo watakaosema makarani wenyewe walizitupa karatasi hizi, na wakusanyaji ndio waliozinusuru. Mara nyingi ni kweli, lakini uzembe wa karani haumwondolei mwenye mali haki yake. Basi pendelea karatasi zilizoandikwa ili ziondoke ofisini: stakabadhi ya kodi aliyopewa mkulima, hati ya shamba, barua ya uteuzi. Ukurasa wenye matundu ya uzi wa jalada uache. Umechanwa kwenye daftari la mtu. Tarehe nazo zisikutishe: kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, hivyo “Februari 1731/2”, yaani 1731 kwa hesabu ya zamani na 1732 kwa ya sasa, ni dalili njema, ingawa mghushi hodari naye anaijua.