Jua la Februari: Namna ya Kusoma Habari za Hali ya Hewa

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, jua huwaka sana mjini Nairobi. Wakati huo wakaaji wa mitaa ya mashariki, tangu Shauri Moyo na Bahati hadi Dandora, Kayole na Mukuru, huulizana maswali mawili. La kwanza ni hili: "Redio yasema joto ni nyuzi 28, mbona nyumbani mwangu ni kama tanuri?" La pili ni hili: "Je, jua kali namna hii si dalili kwamba mvua i karibu?" Maswali haya si ya mchezo. Asiyejua jibu la kwanza aweza kuhatarisha afya ya mtoto wake, na asiyejua jibu la pili aweza kupoteza mbegu zake zote. Basi, somo letu la juma hili ni kuyajibu.

Kwanza yafaa tujue joto hili latoka wapi. Nairobi iko kusini kidogo ya Ikweta. Katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya kichwa, hata kivuli cha mtu hujikusanya miguuni pake. Tena, tangu Desemba upepo uvumao ni kaskazi, ule ule uliosukuma majahazi kutoka Arabuni hadi Mombasa. Upepo huo ni mkavu, na pasipo mawingu ardhi haina mwavuli. Kwa kawaida, Machi iendeleapo kaskazi hulegea, hewa yenye unyevu huingia kutoka Bahari ya Hindi, na mvua za masika huanza.

Sasa tuangalie ile hesabu ya redio. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1977, ina makao yake makuu Dagoretti Corner. Kipimajoto cha kituo huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya, karibu na kimo cha mtu, juu ya uwanja wa majani. Hufanywa hivyo ulimwenguni kote, ili joto la Nairobi lipate kulinganishwa kwa haki na la Kampala au la London. Kwa hiyo, hesabu utangaziwayo ni joto la hewa kivulini, wala si joto la chumba chako.

Zaidi ya hayo, Dagoretti iko juu kuliko Embakasi kwa mita 170 hivi, na kila ushukapo mita 100 joto huongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu ya uzi. Basi, kabla hatujataja nyumba, tayari Embakasi ina joto zaidi. Katika kiangazi cha 2015 na 2016 wataalamu walitundika vipimajoto Mathare, Mukuru na Kibera, wakaona kwamba joto la mchana huko lilizidi lile la Dagoretti kwa nyuzi kadhaa. Sababu zake zaonekana kwa macho: nyumba zimesongamana, miti na majani ni haba, na mabati hushika joto upesi. Linganisha na mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ambapo viwanja na miti huzitenga nyumba. Kumbuka pia kwamba mabati hupoa upesi usiku, lakini ghorofa za saruji hutunza joto la mchana hadi usiku wa manane.

Kwa hiyo, redio itajapo nyuzi 30, mwenye chumba cha mabati ahesabu zaidi. Asimwache mtoto mchanga wala mzee humo tangu saa sita hadi saa tisa mchana. Afungue mlango na dirisha ili hewa ipite, apikie nje, na awape wote maji safi ya kunywa mara kwa mara, hata kabla ya kiu. Lakini mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe tu, tena mara nyingi zaidi. Mtu akishikwa na kizunguzungu, apelekwe kivulini na kupozwa kwa kitambaa chenye maji. Akianza kupayuka au akizimia, asinyweshwe kitu, bali apelekwe hospitali bila kukawia.

Sasa swali la pili. Jua la Februari huja kila mwaka, lakini mvua zinazolifuata hazifanani. Mwaka 2022 mvua za masika zilikuwa haba mno, na mifugo ilikufa kwa wingi katika kaunti za kaskazini. Mwaka 2024, baada ya Februari kama nyingine, mto Mathare ulifurika mwezi wa Aprili na kuharibu makao ya watu. Basi, ukali wa jua peke yake haukupi ahadi yoyote ya mvua. Wataalamu hutazama zaidi joto la bahari, yaani Bahari ya Hindi na ile ya Pasifiki.

Kabla ya kila msimu, kituo cha ICPAC kilichoko nchini Kenya hutoa utabiri kwa ajili ya nchi 11 za kanda hii, na Idara ya Kenya hutoa wake. Utabiri huo hugawanywa mafungu matatu: mvua kuzidi kawaida, mvua ya kawaida, na mvua kupungua. Tuseme, kwa mfano, fungu la kuzidi limepewa 45 katika 100, la kawaida 35, na la kupungua 20. Hii si kusema kwamba mvua kubwa itanyesha. Maana yake ni kwamba, katika misimu mitano ya namna hiyo, mmoja waweza kuwa mkavu.

Wengi wetu tuna shamba Ukambani, Murang'a au Nyanza, na hutuma fedha za mbegu nyumbani. Utumapo, usiulize tu, "Mvua itakuja?" Uliza pia, "Itaanza lini huko kwetu, na hatari ya kukosa ni kiasi gani?" Kisha washauri wenyeji wasipande mbegu zote siku moja, na pamoja na mahindi wapande ndengu au mtama. Mwenye kufanya hivyo, hata mwaka ukiwa mbaya, aweza kupata cha kuvuna.