Dondoo Muhimu: Risasi iliyolowa bado ni risasi

Tarehe 12 Septemba 1914, Wajerumani na askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, walipigana Kisii. Huenda risasi za vita hivyo bado zimo ardhini, na mvua za Gusii hazikomi kuchimbua udongo, kwa hiyo jembe likikwaruza kitu cha shaba chenye kutu shambani, Kisii au Nyamira, usikiokote.

Wengi hudhani maji huua baruti. Sivyo. Ganda la risasi limebanwa sana, na unyevu unaweza usifike ndani hata baada ya miaka mingi. Hata ulipofika, baruti ikikauka inaweza kushika moto tena, na kiwashio kilicho kitakoni kinaweza kulipuka kwa kugongwa tu. Huwezi kujua kwa kuitazama.

Usiianike juani wala kuiweka karibu na jiko. Usiipige nyundo, usiifungue, na tafadhali usimwachie mtoto akaiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Weka alama mbali kidogo, zuia watoto na ng'ombe, kisha mwarifu chifu au piga 999. Kukaa na risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hata ikiwa ya zamani.