SOMO: TANGAZO LA JIRANI MWEMA, TULIPIME NAMNA GANI?



Somo letu ni juu ya matangazo ya biashara yanayoingia katika telefone zetu kwa njia ya Facebook na WhatsApp. Hatusemi juu ya wezi tusiowajua. Tunasema juu ya butiki ya kartie yetu, ambayo mwenyewe anatusalimu kwa jina, na pengine alitupa sukari kwa deni. Tangazo lake ni gumu kupima kwa sababu tunampenda. Lakini feza inayotoka ni ile ile ya minervali ya watoto.

Tutoe mfano. Mwenye butiki anaandika: "Ninyi si wateja, ninyi ni jamaa yangu. Magunia ya mchele yamebaki matano tu, kesho bei inapanda. Anayependa kartie yetu aandike AMINA na awapelekee watu kumi." Je, hilo ni tangazo la haki, ao ni mtego?

Kwanza tujue hili: kushawishi si kosa. Mama wa soko anaita wapitaji na kusifu mboga zake. Tunacheka naye, tunanunua ao tunapita. Kosa linaanza pale maneno yanapotunyima ukweli ao uhuru wa kukataa. Hiyo ndiyo hila: kugusa woga, haya ao upendo wa mtu ili atende mbele ya kufikiri.

Robert Cialdini, mwalimu wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1984 alionyesha mambo sita yanayotuvuta: kurudisha wema tuliotendewa, kushika neno tulilokwisha kusema, kufuata wengine, kumsikiliza anayetupendeza, kutii mwenye cheo, na kuogopa kwamba kitu kitaisha. Mambo hayo si mabaya yenyewe. Ubaya unategemea namna yanavyotumiwa. Kwa hiyo tujiulize maulizo matano.

1. Neno hili ni la kweli? Kama kesho jioni magunia ni yale yale matano na bei haikupanda, haraka ile ilitungwa. Lakini kama barabara imekatika na mali ni kidogo kweli, kutuambia ni wema.

2. Ni nini hakikusemwa? Bei ni ngapi? Gunia ni la kilo ngapi? Mchele ukiwa mbovu tunaurudisha? Upendo mwingi usiokuwa na bei ni wa kuangalia vizuri.

3. Tunaweza kukataa bila haya? "Anayependa kartie yetu" ni neno linalomfanya asiyenunua aonekane adui. Upendo wa kartie haupimwi kwa mchele.

4. Nani anapata faida? Facebook inaonyesha zaidi tangazo lenye majibu mengi. Basi AMINA yetu inakuwa kazi ya kutangaza isiyolipwa. Desemba 2017 Facebook yenyewe ilisema itapunguza kuonyesha matangazo yanayoomba majibu na kusambazwa kwa njia hiyo. Neno la sala tusilitoe kwa kuuzia magunia.

5. Ushuhuda wa wengine unatosha? Tukumbuke Bindo ya Kinshasa, iliyoanguka mwaka 1991. Waliotangulia walilipwa, na ushuhuda wao ulikuwa wa kweli. Wengi waliowafuata walipoteza feza zao. Furaha ya jirani haituonyeshi feza inatoka wapi.

Sasa tuhukumu mfano wetu. Neno "jamaa" peke yake si kosa. Magunia matano ni jambo la kuhakikisha. Lakini maneno ya mwisho ni hila, hata kama mwenye butiki ni mtu mwema. Wafanyabiashara wengi wanaiga tu maneno waliyoyaona kwa wengine. Kwa hiyo tupime maneno, tusiharibu jina la mtu. Tusimpeleke haya katika kikundi cha WhatsApp. Tuende butiki, tuulize bei na kilo, tumwambie kwa upole neno lililotuumiza. Na kama jambo si la haraka, tulale usiku mmoja mbele ya kutoa feza. Tangazo la haki halipotezi kitu kwa kungojwa mpaka asubuhi.

Na wale wetu wanaouza, mizani ni ile ile. Waandike hivi: "Tuko na mchele, gunia la kilo 25, bei ni hii, tunafungua saa mbili asubuhi, karibuni." Maneno hayo ni mafupi, lakini mteja anabaki huru, na mteja aliye huru anarudi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
- Tangazo gani la juma hili lilitufanya tuone haya kukataa?
- Ni neno gani moja lingeondolewa ili liwe la haki?

Amani ikae nanyi nyote.