Pikipiki ya Milima na Mchanga: Namna ya Kuchagua Ukiwa Kigoma

Anayetafuta pikipiki ya shamba hapa Kigoma mara nyingi huingia dukani na swali moja: ina cc ngapi? Ningependa aanze na jingine. Kwenye njia yako ya kila siku, kipande kibaya kuliko vyote ni kipi, na utakipita ukiwa umebeba nini? Pikipiki ichaguliwe kwa kipande hicho. Lami ya Mwanga hadi Mwandiga kila chombo kinaiweza.

Chukua mtu mwenye kahawa Kalinzi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya kule juu yanafika mita 1,500 na kuzidi. Lami ya kwenda Manyovu inampandisha bila shida, lakini akiiacha kuingia shambani anakuta njia nyembamba ya udongo mwekundu, iliyochimbwa mfereji katikati na maji ya mvua, na masika yote inateleza. Tena kadiri anavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mwenzake yuko Ilagala, karibu na Mto Malagarasi unapokaribia kuingia ziwani, anabeba madumu ya mawese. Huyo hana mlima. Ana mchanga unaomeza gurudumu la mbele, na ana kivuko ambacho lazima apande na kushuka na mzigo wake. Watu hawa wawili wakinunua pikipiki ya aina moja, wakaiacha ilivyotoka dukani, mmoja wao atajuta.

Kabla sijafika kwenye za magurudumu mawili, niseme neno kuhusu zile za magurudumu manne, maana vijana wengi wananiuliza. Wameziona kwenye simu zikiruka matuta ya mchanga Oman, au zikizungusha watalii Zanzibar. Za michezo ni kama Yamaha Raptor 700R, YFZ450R na Honda TRX250X. Ni vyombo vizuri kwa kazi yake: vyepesi kwa umbo lake, vina springi ndefu, na vinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Lakini Raptor ina upana wa karibu mita 1.2, na YFZ450R inazidi hapo kidogo. Njia ya mguu kati ya mihogo miwili haikupi upana huo. YFZ450R haina hata gia ya kurudi nyuma, kwa hiyo ukikwama kwenye kona ya mlima unashuka na kuisukuma, nayo ina kilo zaidi ya 180. Kiti ni cha mtu mmoja, keria hakuna, na spea ni za kuagiza kutoka mbali. Kwa mtu anayetegemea chombo kumletea chakula, jibu langu ni hapana.

Mwenye shamba kubwa la michikichi, lenye barabara zake ndani, anaweza kufikiria aina ya kazi yenye kusukuma magurudumu yote manne na keria mbele na nyuma, kama Yamaha Grizzly. Ajue tu kwamba leseni ya magurudumu matatu au manne ni daraja A2. Anayetaka ya starehe ufukweni, kama uwezo anao, sina ugomvi naye, ila namwomba asipite Katonga wala Kibirizi. Mchanga ule ndiyo kazi ya watu: kuna nyavu, kuna mitumbwi, kuna akina mama walioanika dagaa.

Sasa tuje kwenye chombo chetu. Sokoni utakutana na Boxer na TVS kila kona, na kuna sababu. Boxer ya 100 ina nguvu za farasi 8 hivi, ya 150 ina 12 hivi. Ya 100 inakunywa mafuta kidogo sana, na kwa mtu wa tambarare asiyebeba abiria na mzigo kwa pamoja, inatosha kabisa. Ipandishe mlima wa Kalinzi na magunia mawili, utakuwa unaendesha kwa klachi badala ya gia, na sahani za klachi zitaungua kabla ya mwaka kwisha. Kwa milima na mzigo nenda 150. Kwa mchanga, mimi ningechagua 125 kuliko 150, kwa sababu ni nyepesi kuinyanyua ikilala, na kwenye mchanga italala. Kumbuka pia daraja la leseni: A1 ni kwa pikipiki isiyozidi cc 125, na juu ya hapo unahitaji A.

Kuna wanaopenda zile ndefu za aina ya XL, za 200, zenye madigadi ya juu. Zinavuka mfereji vizuri kuliko Boxer yoyote, na kwa afisa ugani au mtu wa mradi anayetembea peke yake ni chaguo jema. Lakini kaa juu yake kwanza. Kama nyayo zote mbili hazigusi chini, siku utakayosimama kwenye mteremko na mama mkwe amekaa upande nyuma yako, utaelewa kwa nini nimesema. Na ukiikuta Yamaha AG100 au AG200 inauzwa ikiwa nzima, iangalie kwa heshima. Zilibuniwa kwa ajili ya mashamba: keria mbele na nyuma, stendi ya pembeni kila upande ili uegeshe popote mteremko ulipo, na cheni iliyofunikwa yote isile mchanga. Ubaya wa AG100 ni kwamba injini yake ni ya mipigo miwili, inayounguza oili pamoja na petroli, na mafundi vijana wengi hawajaizoea.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo ningependa ulibebe kuliko yote, ni sproketi. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mwendo wa lami. Tuseme sproketi ndogo ya mbele ina meno 14 na kubwa ya nyuma ina 42: ya mbele inazunguka mara tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Punguza jino moja mbele, liwe 13, unapata mizunguko 3.23. Nguvu ya kupanda imeongezeka kwa asilimia 7 au 8, na umelipa bei ya kipande kidogo cha chuma na saa moja ya fundi. Ukipenda kuongeza nyuma, meno matatu, yaani 45, yanakupa karibu kiasi hicho hicho, ila huenda ukahitaji cheni ndefu zaidi. Utapoteza kasi kidogo kwenye lami, na mafuta yatapanda kidogo. Mtu wa Kalinzi asiyeweza kumudu 150 afanye hivi kwenye 125 yake kabla ya kuhangaika na mkopo. Nimeona pikipiki zikiitwa mbovu kumbe zimefungwa sproketi ya barabara kuu.

Tairi nalo lina maneno yake. Udongo mwekundu unataka meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke lenyewe. Meno yakibanana, tairi linajaa na kuwa kipara kabla hujafika kona ya pili. Angalia pia nafasi kati ya tairi la mbele na madigadi. Kama kidole hakipiti, tope litashika hapo na gurudumu litakwama ukiwa kwenye mwendo, kwa hiyo mwambie fundi aipandishe madigadi. Kwenye mchanga, punguza upepo kidogo tairi litambae badala ya kuchimba, lakini usizidishe: upepo ukiwa mdogo mno tairi huteleza kwenye rimu, likaivuta tyubu na kuing'oa penye valvu. Ukirudi kwenye lami, jaza. Rimu chukua za spoku. Zile nzima zinapendeza, lakini zikipasuka kwenye jiwe hazina fundi, wakati spoku mbili zilizokatika mtu anakubadilishia chini ya mwembe. Breki za dramu au diski, zote zinafaa mradi zinakamata.

Mzigo upime kwa kilo, usiukadirie kwa macho. Madumu manne ya lita 20 ya mawese yanazidi kilo 70, sawa na kumpakia mtu mzima mwingine. Yaweke chini pande zote mbili kuliko kuyapanga juu ya keria, maana uzito ukiwa juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii.

Na petroli ya vijijini huuzwa kwenye chupa na madumu, mara nyingi na maji au uchafu chini. Kwa ajili hiyo napendelea kabureta ya kawaida, ambayo unaweza kuifungua na kuisafisha mwenyewe njiani, na chujio dogo la mafuta kwenye mpira wake.

Ukinunua ya mkononi, uliza kama ilikuwa ya mkataba wa bodaboda. Pikipiki ya mkataba imeamka alfajiri kila siku na kulala usiku, mita isikudanganye. Fika bila kutoa taarifa na uguse injini: kama ni ya moto, mwenyewe ameshaiwasha, na inawezekana anaficha ugumu wa kuwaka. Isimamishe kwenye stendi ya katikati, shika gurudumu la nyuma uliyumbishe kushoto na kulia. Likicheza, beringi au bushi za mkono wa nyuma zimekwisha. Nyanyua mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, golori za shingo zimechimba. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Halafu linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi, herufi kwa herufi, na usitoe fedha yote kabla umiliki haujahamishwa TRA.

Mwombe muuzaji muende naye hadi kwenye mlima wako au mchanga wako, mkiwa wawili au na mzigo. Akikataa, tafuta mwingine. Na siku utakayolipa, nunua kofia ngumu mbili, ya kwako na ya utakayempakia, mzivae hata kama shamba liko karibu na nyumbani.